Mama kapata 20, baba kapata 27: mgonjwa ni nani?

Washauri wetu, salaam.

Naandika kuhusu wazazi wangu wawili. Baba ana miaka 74. Alianza kama mwalimu, akasoma hadi shahada, akastaafu akiwa mkuu wa shule ya sekondari. Mama ana miaka 71 na aliishia darasa la pili, maana kwao waliosomeshwa ni wavulana. Tunaishi wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro. Mama ana ng'ombe wawili, anauza maziwa kwa majirani na madeni yote anayo kichwani. Katika kikoba chao ni mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za kisanduku.

Tulikwenda hospitali kwa ajili ya baba. Kwa kama miaka miwili sasa anarudia swali lilelile, asubuhi hiyohiyo. Alituma ada ya mjukuu mara mbili ndani ya wiki moja na akabisha kwamba ya kwanza hakuituma. Siku moja akirudi kutoka Moshi alipitiliza Mwanga akashukia Same, kisha akapiga simu kulalamika kwamba basi limebadilisha njia. Lakini akija mgeni, baba anaongea kuliko sisi sote. Anatania, anakumbuka mambo ya mwaka 1975, na mgeni anaondoka akisema mzee bado yuko imara.

Nesi aliwapima wote wawili kwa maswali yaleyale ya alama 30, mama akapimwa kwa kuwa alikuwepo tu. Baba 27, mama 20. Tukaambiwa baba ni uzee wa kawaida, ila mama ana dalili za ugonjwa wa Alzheimer, ule wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, akaandikiwa dawa ya donepezil miligramu 5 kila usiku. Bado hatujampa. Tangu siku ile mama amekuwa mnyonge, na ufunguo wa kikoba ameurudisha.

Picha za karatasi zao za majibu nimeziambatanisha. Mama anatumia metformin kwa kisukari, mwaka wa tisa huu, na amitriptyline miligramu 25 usiku kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Mafua yakimbana anameza Piriton. Sikio lake la kushoto ni zito. Baba aliandikiwa dawa za presha akaziacha, na siku ile alikuwa 164/92.

Naomba kujua: mama aanze dawa? Majirani wanasema baba amesoma mpaka akili imechoka, kuna ukweli? Kaka yangu anataka mama aandikishwe elimu ya watu wazima ili ubongo usizidi kuharibika, itasaidia? Na sisi watoto tumo hatarini?

Mzaliwa wa Kwanza, Mwanga

MAJIBU

Dada, hiyo donepezil ya mama iacheni kabatini kwanza, na baba msimhesabu mzima kwa sababu ya zile 27. Tumezisoma karatasi zote mbili mstari kwa mstari, na mistari inasema kinyume cha jumla.

Tuanze na ya mama. Alikosa alama kumi. Tano zilipotea kwenye swali moja: 100 toa 7, kisha toa 7 tena, mara tano, bila kuandika popote. Moja ilipotea kwenye kusoma agizo la kufumba macho na kulitekeleza, moja kwenye kuandika sentensi, na moja kwenye kunakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Hizo nane ni alama za darasani. Mtu ambaye hajashika kalamu tangu utotoni anaingia chumba cha kipimo akiwa na 22 tu za kugombea, ilhali mstari unaotumika sana kumtilia mtu shaka uko kwenye 24. Kwa hiyo ameanguka kabla hajaulizwa. Mbili zilizobaki ni tarehe na mwaka. Siku, mwezi na mahali alipo alivitaja sawasawa, na mkamua ng'ombe hana shughuli kubwa na tarehe. Mwangalie pia anavyorudisha chenji: anayeweza kukwambia papo hapo kwamba lita tatu za maziwa kwa 1,500 kila moja, noti ya 10,000, ni 5,500 za kurudi, huyo kutoa anajua. Asichokijua ni kutoa saba saba hewani kwa amri ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Sasa tazama mstari wa maneno matatu, yale anayotajiwa mgonjwa, anafanyishwa kitu kingine kidogo, kisha anaombwa ayarudie. Mama aliyarudia yote. Baba hakurudia hata moja. Alama tatu alizokosa zote zimepotea hapo, na pembeni nesi ameandika "alitania". Hesabu alipata zote, sentensi yake ni ndefu na ina koma, maumbo ameyachora utadhani anayaandaa kwa ubao. Ila maneno matatu aliyoyasikia dakika chache nyuma yalikuwa yameondoka, na pengo akaliziba kwa mzaha.

Mstari huo una uzito kuliko mingine kwa sababu ya mahali ugonjwa unapoanzia. Katika Alzheimer, protini iitwayo beta-amiloidi hujikusanya katika mabonge nje ya seli za neva, na protini nyingine, tau, husokotana kama nyuzi ndani ya seli zenyewe. Nyuzi za tau kwa kawaida huanza upande wa ndani wa ubongo, usawa wa masikio, kwenye hipokampasi na eneo linalopakana nayo, ndiko kumbukumbu mpya zinakohifadhiwa. Baadaye husambaa kwenye maeneo ya lugha, ya kutambua njia na ya kupanga mambo, seli hufa, ubongo husinyaa. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya familia kuona chochote. Ndiyo maana baba anakumbuka 1975 na hakumbuki ada ya juzi: ya 1975 ilishahifadhiwa zamani kwingine, ya juzi haikupata pa kuingia.

Elimu inaingiaje hapo? Haizuii mabonge wala nyuzi. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza na Finland walichapisha matokeo ya kuchunguza bongo za watu 872 waliozitoa kwa sayansi baada ya kufa. Waliosoma miaka mingi walikuwa na uharibifu uleule wa wengine, tofauti ni kwamba wakati wa uhai wengi wao walikuwa wameonesha dalili kidogo kuliko uharibifu huo ulivyotarajiwa kuleta. Kabla yao, nchini Marekani, David Snowdon alikuwa amefuatilia masista 678 wa Kikatoliki. Mmoja alifariki akiwa na miaka 101, alama zake za kumbukumbu zikiwa nzuri mpaka mwisho, na ubongo wake ulipofunguliwa ukakutwa umejaa mabonge na nyuzi. Wataalamu wanaiita hali hii akiba ya ubongo: maunganisho mengi kati ya seli, na mazoea ya kutafuta njia ya pili ya kufikia jibu ya kwanza ikifungwa. Miaka ya shule hujenga akiba hiyo, na kazi ya kufikiri huiongeza. Kuna kitu kingine ambacho hatupendi kifichwe. Aliyesoma mara nyingi pia amekula vizuri zaidi utotoni, amepata kazi yenye matibabu na presha yake imepimwa mapema, kwa hiyo sifa zote si za ubao na chaki.

Upande wa pili wa akiba ndio unaomgusa baba. Yaakov Stern na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwalinganisha mwaka 1992 wagonjwa wa Alzheimer waliokuwa na dalili za kiwango kimoja. Waliosoma zaidi walikutwa na mtiririko mdogo zaidi wa damu katika maeneo ya ubongo ambayo ugonjwa huu huyashambulia. Maana yake, kwa dalili zilezile, ubongo wa msomi ulikuwa umeshaharibika zaidi. Utafiti mwingine wa jiji hilohilo, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba kila mwaka mmoja wa masomo ulichelewesha kuanza kwa mporomoko wa kumbukumbu kwa kama miezi miwili na nusu, lakini mporomoko ukishaanza, waliosoma zaidi walishuka kwa kasi zaidi. Tofauti ya miaka kama 14 ya darasani iliyopo kati ya baba na mama inatoa, kwa wastani huo, takriban miaka mitatu ya kuchelewa. Ni wastani wa kundi la watu, msiuchukue kama ratiba ya mzee wenu.

Majirani wanaosema akili imechoka kwa kusoma wamekiona kitu cha kweli wakakosea sababu. Wanamwona msomi ambaye jana alikuwa anaendesha vikao, halafu ndani ya miaka michache hajui njia ya nyumbani, wakati bibi wa jirani asiyesoma amekwenda taratibu miaka kumi. Kusoma hakukumchosha mzee, kulimfichia.

Kwa hiyo baba ashughulikiwe sasa, na kipimo cha alama 30 msikitegemee kumpima mtu kama yeye. Katika takwimu za watu wazima zaidi ya 18,000 wa Marekani zilizochapishwa 1993, alama ya katikati kwa waliosoma miaka tisa au zaidi ilikuwa 29, na kwa waliosoma miaka minne au pungufu ilikuwa 22. Ukiwapima wazazi wako kwa rula hiyo, wote wawili wako alama mbili chini ya wenzao. Hapo unaona jinsi jumla peke yake isivyotenganisha mzima na mgonjwa.

Kitakachomsaidia daktari ni ninyi. Ombeni lile dodoso la mtu wa karibu, ambalo toleo lake fupi lina maswali 16: mzee akilinganishwa na alivyokuwa miaka kumi iliyopita, anakumbukaje mazungumzo ya siku chache nyuma, anaendeshaje fedha zake, anajifunzaje kutumia kifaa kipya. Kila jibu ni 1 hadi 5, na 3 maana yake hajabadilika. Wastani ukipita kati ya 3.3 na 3.6, kutegemea mahali, uchunguzi unaendelea. Dodoso hili haliyumbishwi sana na elimu kwa sababu linamlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Ajibu mtu anayeishi naye, na ajibu baba akiwa hayupo chumbani. Mbele yake mtapunguza makali kwa heshima, na yeye atajibu badala yenu, tena kwa ufasaha. Lile la kushukia Same na la ada liandikwe kwa tarehe.

Kisha aombewe vipimo vya kutafuta vinavyotibika: picha kamili ya damu, sukari, figo, ini, chumvi za damu, homoni ya tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende. Picha ya kichwa ya CT ni muhimu kwa sababu mzee aliyegonga kichwa, hata kidogo, anaweza kuwa na damu inayovuja taratibu chini ya fuvu, na hiyo hutolewa kwa upasuaji. CT ikiwa safi msirudi nyumbani mkishangilia, maana Alzheimer ya mwanzo mara nyingi haionekani humo. Muulizeni daktari pia kuhusu sonona. Mzee aliyestaafu akapoteza hamu ya kila kitu anaweza kusahau sana bila kuwa na ugonjwa huu.

Presha ya 164/92 haisubiri majibu hayo. Mishipa midogo ya ubongo ikiharibika, akiba inaliwa kutoka upande wa pili, na wazee wengi wana magonjwa yote mawili kwa pamoja. Arudi kwenye dawa, ishushwe taratibu kuelekea 130 ya juu kadiri anavyovumilia, na apimwe akiwa amesimama pia, kwa sababu presha inayoporomoka anaposimama itamwangusha bafuni. Na dawa asiachiwe ajisimamie. Huenda hata hakuamua kuziacha, alisahau tu. Kisanduku chenye vyumba saba vya siku, kijazwe na mtu mwingine kila Jumapili, kinatosha.

Mambo ya fedha na hati myafanye wakati bado anaelewa anachosaini. Mwekeni ndugu mmoja kuwa mtia saini wa pili benki, pesa ya matumizi ibaki kidogo kwenye simu na nyingine ikae kwingine, na ada iwe inalipwa na mtu mmoja anayejulikana. Wosia na hati za kiwanja muone wakili, na mumuulize waziwazi hati ya uwakilishi itakuwaje uwezo wa baba wa kuamua ukishapungua. Msimnyang'anye kila kitu siku moja. Mwalimu mkuu aliyepokwa daftari atapigana nanyi hata pale mnapomsaidia. Mwachieni daftari, mkaguzi awe mwingine.

Ikithibitika kuwa ni Alzheimer, donepezil inaweza kumfaa yeye. Huanza 5 usiku, na baada ya wiki nne hadi sita hupandishwa hadi 10 ikiwa tumbo limekubali. Mapigo ya moyo yapimwe kabla, kwani dawa hii huyapunguza kasi na mtu anaweza kuzimia. Kichefuchefu, kuharisha na ndoto mbaya ni vya kawaida mwanzoni, na anayeota vibaya huhamishiwa dozi asubuhi. Haiuzuii ugonjwa. Inachofanya ni kuongeza kemikali ya mawasiliano iitwayo asetilikolini ili seli zilizobaki zisikilizane vizuri zaidi kwa muda.

Hapo tumerudi kwa mama, kwa sababu amitriptyline anayomeza inaizuia kemikali hiyohiyo, na Piriton vilevile. Kumpa donepezil juu yake ni kuwapa watu wawili kamba moja wavutane. Amitriptyline kwa mwenye miaka 71 inatosha yenyewe kuleta usahaulifu na kichwa kizito asubuhi. Isikatishwe ghafla, daktari aipunguze kwa wiki kadhaa na kutafuta mbadala. Piriton iachwe. Halafu kuna metformin: ikitumika kwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa B12, na upungufu wa B12 huleta usahaulifu pamoja na miguu kuwaka moto. Si ajabu dawa ya miguu inatibu kwa usiku tatizo ambalo lingetibiwa kwa sindano za vitamini. Kisukari chenyewe pia huichoma miguu, kwa hiyo damu ipimwe B12 kabla ya kuhukumu. Metformin asiiache.

Sikio lake liangaliwe. Pengine ni nta tu. Asiyesikia swali huandikwa kuwa hajui jibu. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 ambayo yakirekebishwa dunia nzima yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimenshia, yaani magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, Alzheimer ikiwemo. Elimu ndogo utotoni ilipewa asilimia 5, uziwi usiotibiwa na lehemu (kolesteroli) mbaya asilimia 7 kila kimoja.

Akishatulia na dawa zake, kama miezi mitatu hivi, apimwe upya kwa kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Kipo, na kimejaribiwa jirani yenu kabisa, wilaya ya Hai, na huko Nigeria. Kinaitwa IDEA na kina alama 15. Mzee anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa, anajifunza maneno kumi na kuulizwa baadaye, na anaulizwa mambo ya mahali anapoishi. Akipata 10 au zaidi hana tatizo linaloonekana, 8 na 9 ni za kufuatiliwa, 7 kushuka chini ni za kuchunguzwa kwa kina. Apimwe asubuhi, mpimaji akae upande wa sikio zima, barakoa ishushwe, na kama nyumbani mnaongea Chasu (Kipare) aulizwe kwa Chasu. Msimfundishe maswali nyumbani. Akishayazoea maneno kumi, kipimo kimekufa.

Elimu ya watu wazima aende kama anaitaka. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanywa kwa watu wa Brazil na Ureno, ukachapishwa 2010, ulionyesha kwamba hata waliojifunza kusoma ukubwani maeneo ya ubongo yanayotambua maandishi yalibadilika, kwa hiyo hajachelewa kusoma. Lakini hakuna jaribio lililothibitisha kwamba darasa la uzeeni huzuia Alzheimer, na kumburuta kwa hofu ni kumwongezea unyonge. Kubeba madeni ya majirani kichwani, kukumbuka nani ameweka hisa ngapi na nani anakwepa marejesho, ni kazi nzito ya akili kuliko mafumbo ya magazetini. Ufunguo wa kikoba arudishiwe. Nendeni mkaongee na mwenyekiti wiki hii, kabla hawajamzoea mwingine.

Ninyi watoto: mzazi aliyeanza kuugua baada ya miaka 65 humwongezea mtoto uwezekano, ila wengi wenye mzazi kama huyo hawaugui. Kila mmoja apime presha na sukari kuanzia miaka 40.

Jambo moja lisisubiri kliniki. Yeyote kati yao akivurugika ghafla, ndani ya saa au siku chache, akawa haeleweki, anasinzia mchana au anaona vitu ambavyo havipo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Alzheimer haiji hivyo. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au mapafu, sukari iliyoshuka, dawa mpya au kiharusi, na karatasi ya dawa zote anazotumia iende naye.